Kofia Yenye Tundu la Nne

Barua zenu nimezisoma. Msomaji wa Tanga anataka Saandia azimie. Wa Mombasa anataka apige yowe mpaka bandari nzima ya Moroni isikie. Wa Lindi, ambaye naona ana hasira kuliko mimi, anataka yule mzungu avuliwe kofia kwa kofi.

Poleni nyote watatu. Saandia aliiona kofia, akamaliza sentensi yake.

"...na matao haya meupe yanaitazama bahari," alisema kwa Kifaransa, mkono umenyooka kuelekea Msikiti wa Ijumaa wa zamani. "Tafadhali msiingie na viatu."

Watalii wake watano wakaitikia kwa vichwa. Wanne walivaa kofia za jua. Wa tano, Musyu Lambert, alivaa kofia ya Kingazija, nyeupe, iliyodariziwa hilali kuzunguka kichwa kizima. Chini ya kila hilali kulikuwa na matundu matatu. Isipokuwa hilali moja ya nyuma, karibu na mshono. Hiyo ilikuwa na manne.

Wewe uliyeanza kusoma leo, nitakuambia haraka, maana wenzako hawapendi kungojea.

Saandia ni mwongoza watalii. Alipokuwa mchumba, huko Majunga nchini Madagaska, alimdarizia Attoumane kofia, kama desturi ya Wangazija inavyomtaka mwanamke. Miezi minane ya sindano. Siku ya mwisho mama yake akamwita jikoni. Aliporudi alikuwa amesahau alipofikia, akatoboa tundu la nne. Alitaka kufumua, Attoumane akakataa. "Liache," alisema. "Kofia za wenzangu hazina jina. Yangu inalo." Hakuna mtu wa tatu aliyeijua siri hiyo.

Kofia hiyo ndiyo aliyokuwa ameivaa mwaka 1985, baada ya sala ya adhuhuri, mamluki walipomchukua nyumbani kwao Magoudjou, hapa Moroni. Wazungu hao wa kukodiwa walishuka visiwani Komoro mwaka 1978 na tangu hapo bunduki zilikuwa zao. Walisema karani huyu ametawanya vikaratasi vya kuwasema vibaya. Ni kweli, alivitawanya. Siku ya tatu wakaja kumwambia mkewe kwamba amekufa. Maiti hakupewa. Alikaa eda bila kaburi, miezi minne na siku kumi, na alipotoka eda alikuwa amekufa ganzi. Si huzuni, jamani. Huzuni ina machozi. Yeye chakula kilikosa chumvi na mvua ikakosa baridi, akawa anawaonyesha wageni mji kama redio inayosoma taarifa.

Haya, sasa tuko pamoja. Turudi msikitini.

"Kofia nzuri, Musyu," Saandia alisema. "Umeipata wapi?"

"Sokoni, hapa hapa Moroni. Muuzaji alisema imetoka Mutsamudu, kule Anzuani. Nimeivaa vibaya?"

"Mbele umeiweka nyuma. Niruhusu."

Akaivua kichwani mwa mzungu, akaigeuza. Kitambaa kilikuwa kigumu, bado kina wanga. Uzi ulikuwa mweupe pepepe. Upande wa ndani haukuwa umeonja jasho. Kofia ya Attoumane ilikuwa na zaidi ya miaka kumi, imefuliwa mpaka hilali zimelegea.

Hii haikuwa kofia ya mumewe. Hii ilikuwa mpya.

Basi nani alitoboa tundu la nne?

Watu wawili tu duniani walilijua. Mmoja alikuwa amesimama barazani kwa msikiti, kaishika kofia. Wa pili walisema amekufa, na wafu hawadarizi.

Mimi ningelia. Ninyi mngelia, nawajua. Saandia aliingoja furaha kama mtu anavyoingoja chafya, na haikuja. Alijua kwamba mumewe yu hai jinsi unavyojua kwamba leo ni Jumanne. Akamvisha Musyu Lambert kofia yake, mbele ikiwa mbele, akamwambia imempendeza.

"Madamu," akasema mama mmoja katika kundi, mwalimu mstaafu wa Lyon, "mguu wako unatoka damu."

Saandia akatazama chini. Msumari wa kandambili yake ya ngozi ulikuwa umechomoza na kuingia kisiginoni. Aliutazama mguu kama wa jirani.

"Ah," alisema. "Ni kweli. Twende, vichochoro vya Badjanani viko upande huu."

Wakaingia vichochoroni. Mwanzoni pana kidato kilichovunjika, na kila mgeni hujikwaa hapo. Wanne walijikwaa. Musyu Lambert alikiruka bila kutazama, huku anazungumza.

Saandia aliliona hilo. Angekuwa na hisia zake, nywele zingemsimama. Liliingia kwa jicho hili likatokea kwa lile. Wewe liweke akiba.

Kesho yake ratiba ilikuwa Mutsamudu. Sikuipanga mimi, msije mkaniandikia. Ilikuwa imepigwa chapa katika karatasi ya ziara: siku mbili Moroni, siku moja Anzuani, kwa ndege ndogo ya asubuhi.

Ndegeni Saandia alikaa mkono juu ya mkono. Jirani yake alikuwa Musyu Lambert, kofia kichwani.

"Una wasiwasi, Madamu?"

"Hapana, Musyu."

"Una watu Mutsamudu?"

"Sina." Kisha, kwa sauti ile ile ya matao na bahari: "Niazime kofia yako tukifika. Nitakuulizia nani ameidarizi. Wageni hupenda kujua."

"Ichukue," alisema yule mtalii, akatabasamu. "Ningefurahi sana kumjua."

Mutsamudu ni mji uliobanana kati ya mlima na bahari. Vichochoro vyake ni vyembamba hivi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Saandia aliwaonyesha wageni kasri la masultani liitwalo Ujumbe, na dari zake za rangi. Akawapa dakika ishirini wapige picha. Akaondoka upesi na kofia mkononi, kisigino kikiacha doa dogo kila hatua.

Muuza kofia aliyeelekezwa na wapita njia alikuwa Chanfi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya duka lisilozidi kabati.

"Kwezi, bakoko," Saandia alimwamkia, kama mdogo anavyomwamkia babu.

"Mbona," mzee aliitikia salamu. "Lakini maneno yako si ya hapa, mwanangu."

"Ya Ngazija. Na kabla ya Ngazija, Majunga."

"Sabena," mzee alisema.

Ndivyo wanavyoitwa waliorudishwa kutoka Majunga mwaka 1977 baada ya mauaji ya Wakomoro huko, kwa jina la ndege zilizowaleta. Wengine hulisema kwa huruma, wengine kwa kukunja pua. Chanfi alilisema tu.

"Sabena," Saandia akakubali. "Bakoko, kofia hii imetoka dukani kwako?"

Mzee akaipokea, akaizungusha. "Yaweza kuwa."

"Nani ameidarizi?"

"Mimi nauza, sidarizi."

"Nani huileta?"

"Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Wa shiromani."

Hapo hata mimi ningemtikisa mzee wa watu. Shiromani ni ile nguo kubwa nyekundu ambayo wanawake wa Anzuani hujifunika kuanzia utosini. Kusema Mutsamudu "mwanamke wa shiromani" ni kama kusema "mtu mwenye miguu."

Saandia hakumtikisa. Aliweka kidole nyuma ya kofia, karibu na mshono.

"Tundu hili la nne," alisema, "la kwanza lake nililitoboa mimi."

Chanfi akaacha kuizungusha kofia. Akanyanyuka, na kunyanyuka kwake kulichukua muda, akarudisha ubao mmoja wa mlango.

"Sema tena."

"La kwanza lake nililitoboa mimi. Mama aliniita jikoni."

"La haula," mzee alinong'ona. "Mwaka wa pili sasa ananiambia, akija mwanamke akataja tundu la nne, mwonyeshe njia. Nilidhani ni wazimu wa mtu aliyefungiwa ndani."

"Yu hai?"

"Jana alikuwa anakohoa."

"Walisema amekufa."

"Wangesema nini? Aliruka garini mwao mchana kweupe. Wazungu na bunduki zao wamekimbiwa na karani! Wakasema amekufa ili wafiche aibu, lakini hawajaacha kumtafuta. Mwezi huu wamekuja hapa mara mbili wakaniuliza kofia hizi analeta nani. Unajua nilivyowajibu."

"Mwanamke wa shiromani."

"Wakasaka nyumba mpaka wakachoka." Mzee akacheka bila sauti, halafu akakoma. "Nimemwambia mara ngapi, acha hilo tundu. Anasema akiacha, mkewe hatamjua. Kila kofia analitia."

"Anakaa kwa nani?"

"Kwa Chamsia."

Huku Komoro nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anayelala katika nyumba ya mwanamke ni mwanawe, au ni mumewe. Najua mnachofikiri, hasa wewe wa Mombasa. Saandia naye alifikiri, akauliza kwa sauti kavu.

"Chamsia ni nani wake?"

"Chamsia ana miaka themanini," alisema Chanfi. "Hata uzi haupitishi tena kwenye sindano. Tuliza moyo."

Moyo ulikuwa umetulia siku nyingi. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

"Pita chini ya daraja la pili," mzee aliendelea. "Mlango wa maua manane, pete ya shaba. Lakini usigonge! Mamluki wana macho mjini hapa. Mgeni akigonga mlango ule, habari zitafika kambini kabla ya alasiri."

Sasa tazameni akili ya mwanamke huyu, maana nimemsema sana. Mtu gani anaweza kusimama mbele ya mlango wa watu, akaunyooshea kidole, akapaza sauti dakika tano, na hakuna anayejiuliza ana shida gani? Mwongoza watalii. Ndiyo kazi yake.

Akarudi kasrini. "Mabibi na mabwana," alisema, "kabla ya ngome nitawaonyesha milango." Akamrudishia Musyu Lambert kofia. "Mzee hajui aliyeidarizi. Anasema ni mwanamke wa shiromani."

"Ni jibu zuri," alisema Musyu Lambert.

Wakapita chini ya daraja la kwanza. Saandia aliwaeleza kuwa madaraja haya yanaunganisha nyumba za ndugu huko juu, wanawake watembeleane bila kukanyaga njia. Wakapita chini ya la pili. Mlango ulikuwepo. Maua manane ya mbao, pete ya shaba, na juu yake dirisha dogo lenye ubao uliofunguliwa kiasi cha kupitisha mkono.

Akasimama. Akaeleza kwa Kifaransa aina ya mti, umri wa nakshi, kazi ya patasi. Kisha akainua uso na kusema kwa Kingazija, kwa sauti ya kutosha kufika ghorofani, kama mtu anayewasomea wageni methali ya wenyeji.

"Fundi alikosea ua moja, akataka kulifuta. Mwenye mlango akamwambia: liache. Milango ya wenzangu haina jina. Wangu unalo."

"Inamaanisha nini?" aliuliza mama wa Lyon.

Kitu chembamba kilitoka dirishani, kikang'aa, kikaanguka juu ya jiwe kando ya mguu wa Saandia. Ilikuwa sindano. Katika tundu lake ulining'inia uzi mweupe, mfupi, wa mtu aliyekatizwa kazi.

Na hapo hapo mguu ukauma.

Uliuma kweli, kuanzia kisiginoni mpaka gotini, maumivu ya jana na ya leo yakaja pamoja. Saandia alishika ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto kwa jua. Alisikia njaa. Alisikia harufu ya samaki wa kukaanga kutoka nyumba ya tatu, akaitamani. Machozi yakamtoka mbele ya wageni, yale ya eda na yale ya baada ya eda, na hakuyafuta, maana alifurahi kuyaona.

"Madamu! Una nini?"

"Mguu," alisema huku analia na kucheka. "Mguu wangu unauma!"

Mama wa Lyon akampa leso. Saandia akajifunga kisigino, akajikaza. "Njia ya ngomeni ni hii moja tu, hampotei. Tangulieni. Nitawafuata taratibu."

Wanne wakaenda, wakigeuka geuka kumwonea huruma. Musyu Lambert hakwenda.

"Nawe, Musyu. Mizinga iko juu, ni ya kutazama."

"Mizinga nimeiona," alisema.

Alisema kwa Kingazija. Kingazija safi, cha mtu aliyekaa Moroni miaka.

Kile kidato kilichovunjika, mmekikumbuka? Na Saandia alikikumbuka, amechelewa.

Musyu Lambert akafungua mkoba wake wa kitalii. Akatoa kofia nyingine, ya zamani, iliyogeuka rangi ya chai kwa jasho, hilali zimelegea. Akampa mkononi. Saandia hakuhitaji kuigeuza. Vidole viliijua.

"Aliiacha kwangu aliporuka," alisema Lambert, bila ukali wowote. "Nilimkamata kichwani, nikabaki na kofia. Wenzangu wananicheka mpaka leo. Mwezi uliopita nikanunua mpya sokoni, nikaziweka mezani pamoja. Kosa moja, mahali pamoja. Nikajua yuko wapi, lakini si nyumba gani. Mji huu una milango mingi mno na wazee wajinga mno."

"Basi ukawa mtalii."

"Nilihitaji mtu wa kuniongoza. Wewe ni hodari, Madamu. Sasa najua hata umri wa nakshi."

Nyuma yake, mwisho wa kichochoro, wanaume wawili waliovaa nguo nyeusi za askari walikuwa wamesimama kimya, bunduki zimeelekezwa chini.

"Nyumba hii haina mtu," Saandia alisema.

"Siku tatu hukutudanganya hata kuhusu tao moja. Usianze leo."

"Nyumba hii haina mtu!"

Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa anashuka ngazi.

Saandia alimsikia. Mguu mmoja ulikuwa unaburutwa, na huo hakuujua. Lakini kiganja kilichokuwa kinapiga ukuta kila hatua alikijua. Attoumane alishuka hivyo tangu Majunga, pa, pa, pa, akiipigapiga nyumba kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni. Miaka miwili alikuwa amejifungia ghorofani akitia tundu la nne katika kila kofia ili mtu mmoja alione. Mtu huyo amefika. Amemsikia kwa masikio yake. Sasa nani wa kumwambia akae?

Lambert naye alisikia. Akafumbata mikono, akasubiri mlango ufanye kazi yake.

Pa. Pa. Hatua ya mwisho. Komeo likainuliwa kutoka ndani.

Saandia aliruka. Aliishika pete ya shaba kwa mikono miwili, kofia ya zamani imebanwa katikati ya kiganja na shaba, akakanyaga fremu ya mlango kwa ule mguu wenye damu, akauvuta mlango kwake usifunguke.

"Saandia?" Sauti ilikuwa karibu sana, upande wa pili wa mbao. "Mlango umekwama. Ni mimi."

Angemwambia nini? Akisema kimbia, Lambert anasikia, na askari wanavunja mlango. Akitaja askari, Lambert anasikia. Akatafuta neno moja ambalo mumewe peke yake angelielewa, na katika kichwa kilichoamka robo saa iliyopita hakulipata. Akapiga lile yowe ambalo msomaji wa Mombasa amelingojea wiki nzima.

"Mume wangu amekufa! Sina mume! Nimemkalia eda! Amekufa!"

Huko ndani Attoumane akacheka, cheko la mtu mwenye furaha ambayo haijawahi kumtokea.

"Walikudanganya, mke wangu!" alipaza sauti. "Niko hai! Ngoja nikuonyeshe!"

Akauvuta mlango kwa nguvu zake zote. Na nje, Saandia, kwa nguvu zake zote, akauvuta kwake.